Mama Huja kwa Moto Mdogo

Jumapili mchana binti mkubwa, yule muuguzi, aliingia nyumbani kwa baba yake bila kuvua viatu vya kazini, akawasha jiko, akachana pakiti ya supu ya vitunguu kwa meno. Maji yalipochemka akamimina ule unga, akakoroga mara chache, akafunika. Mama yake marehemu akaingia. Alikuwa amekuja kuanzia kiunoni kwenda juu tu, na sauti hana.

"Shikamoo, mama," binti alisema, huku akitafuta vijiko.

Mama akaitikia kwa kichwa. Baba akamvutia kiti, akaongeza mto ili afikie meza.

Enzi za uhai wake mama alikuwa mpishi wa hoteli, na supu aliyosifiwa nayo ni hiyo ya vitunguu, ya Kifaransa, yenye kipande cha mkate juu na jibini iliyoyeyuka. Hakuna aliyeona ajabu kwamba ndiyo iliyomrudisha. Wiki ya msiba shangazi aliipika inavyotakiwa, vitunguu vikakaa kwenye siagi kwa moto mdogo mpaka watu wakachoka kunusa, na marehemu akatoka chumbani na miguu yake na mikono yake, akaonja, akasema chumvi imepungua. Shangazi alinuna, akafunga virago. Tangu hapo kazi ya kupika ikawa ya watoto, nao ni watu wa mbio.

Walijaribu kila njia ya mkato. Kitinda mimba, anayeuza simu mjini, alitia magadi kwenye vitunguu ili viive upesi. Mama akaja upesi kweli, lakini laini, hawezi kushika kikombe. Vitunguu vya kopo vilimleta mgongo tu, na mgongo haujui kula. Pakiti ndiyo ikaonekana afadhali, kwa kuwa ilimleta na uso.

"Baba, ladha si ileile?" kitinda mimba alipenda kusema. "Sasa mtu ajitoe machozi ya nini?"

Baba hakubishana naye. Alikuwa dobi maisha yake yote, na machoni pake mke aliyeletwa na pakiti alikuwa kama shati lililoanuliwa bichi: limefuliwa, ndiyo, lakini hulivai. Hata hivyo kilichomtesa si miguu iliyokosekana. Kila Jumapili midomo ya mke wake ilimuuliza kitu, kile kile, na hakuna kilichosikika. Watoto walikuwa wameinamia simu zao. Alitaka kujua anaulizwa nini kabla naye hajafa, maana akishakufa nani angempikia?

Jumatano moja akaamua kupika mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na mtetemo wa uzee, hivyo vitunguu vikatoka vipande vinene na vyembamba, na kisu kikamgusa kidole. Akavuta kigoda hadi mbele ya jiko, akaketi na mwiko wake. Vitunguu vya kwanza viliungua, akavitupa. Vya pili akavishushia moto. Vilitoa maji, vikalegea, vikawa vya manjano. Hapo kandambili zikasikika ukumbini. Akakwangua sufuria, akatia maji kidogo, akaendelea kukoroga. Gauni la maua likaonekana mlangoni, kisha mikono. Kiuno kilimuuma baba pale kigodani, lakini hakuthubutu kuongeza moto. Vitunguu vilipokolea rangi ya kahawia, mke wake alikuwa amesimama kando yake, kamili, akinusa.

"Umekata vibaya," alisema.

"Najua."

"Lakini umevumilia."

Baba akalia, na wala hakusingizia vitunguu. Akamshika mkono, ulikuwa na joto. Kisha akamimina mchuzi wa mifupa, akachoma mkate, akakwaruza jibini juu yake. Mama akatoa mabakuli kabatini, lake na la mumewe, na mengine mawili. Akaketi akitazama mlango.

"Watoto wako wapi?"

Kumbe ndilo swali lenyewe. Mama alipolazwa hospitali alimuuliza hilohilo kutoka kitandani, kutwa nzima, wiki nenda wiki rudi, na jibu la baba lilikuwa moja. Akalitoa tena.

"Wako njiani."

"Basi nitawasubiri," mama alisema, kama alivyosema wakati ule.

Baba akatoka uani, akampigia simu binti yake.

"Mama yenu amekuja. Amekamilika."

"Kabisa? Na miguu?"

"Na miguu. Anawaulizia."

"Jamani, vizuri! Mwambie asiende popote, baba. Wiki hii zamu zimenibana, na mdogo wangu naye ndiyo hivyo, hashikiki. Jumapili lazima tuje."

Baba akaiacha sufuria kwenye moto mdogo, akiiongezea maji kila ilipopungua, na mama akabaki kitini. Hakulala. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, alijiweka vizuri gauni lake. Baba alikaa naye, akijua hawaji kabla ya Jumapili, na hakuthubutu kumwambia aache.

Jumapili wakaja wote wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu," mama aliitikia kwa sauti yake yote, akaanza kuinuka apakue.

"Kaa, mama, usijisumbue. Sisi wenyewe hatukai sana." Binti alifunua sufuria, akachungulia. "Hii imeshakuwa maji, baba."

Kitinda mimba akateleka maji mengine, akatoa pakiti mfukoni.

"Acha hiyo," baba alisema. "Nakuomba mwanangu, acha."

"Dakika moja tu, baba. Tunakula, tunaondoka."

Unga ulipoingia majini, miguu ya mama ikaanza kwenda. Iliondoka kuanzia vidoleni, bila haraka, na kandambili zikabaki chini ya meza. Wakala. Kitinda mimba akasimulia habari za simu mpya zilizoingia dukani, na dada yake akacheka mahali pa kucheka. Sauti ya mama ilikuwa inaishia. Baba akasogeza sikio lake karibu ili lisimpite neno.

Mama akaitumia sauti iliyobaki kuwashukuru watoto wake kwa kuja.