Msumari wa Saba

Jumanne saa moja na nusu asubuhi Vitalis aliingia kwenye kiwanja kimoja nyuma ya soko la Kariakoo, palipokuwa na nyumba ya marehemu Mzee Mwinchande hadi ilipobomolewa Jumamosi. Alivaa spika zake masikioni, akawasha mashine ya kutafutia vyuma, akaanza kupita kwa urefu, hatua kwa hatua, akiipepesa mashine kushoto na kulia kama mtu anayefagia bila haraka. Jana yake mvua ilinyesha. Ardhi yenye maji huifanya mashine isikie chini zaidi, na Vitalis alikuwa mtu wa kushukuru mambo madogo kama hayo, kwa kuwa makubwa hayakuwa yakija.

Kariakoo nyumba za zamani huanguka kila wiki ili maghorofa yasimame. Kati ya siku ya kubomoa na siku ya kumwaga zege zipo siku nne hadi sita ambazo ardhi iliyofunikwa miaka themanini inaliona jua. Siku hizo ndizo zake. Alikuwa fundi wa kuchomelea Gerezani, akastaafu, na mashine hiyo aliachiwa na rafiki yake aliyerudi kutoka Chunya bila dhahabu. Katika miaka yote ya kutafuta alikuwa amepata bawaba, vijiko, ncha za miavuli, vifuniko vya soda vya kujaza debe, na shilingi moja ya zama za Mwingereza iliyolika mpaka mfalme hana uso. Mtafutaji hachoki, wanasema, akichoka keshapata. Waliosema hivyo hawakupitia viwanja hivi.

Kukosa kwenyewe hakukuwa kukimsumbua. Mkewe Leticia alipokuwa hai, kila alichorudi nacho Vitalis nyumbani Magomeni, Leticia alikiosha kwenye beseni, hata kifuniko cha soda, akauliza kimetoka mtaa gani na kilikuwa chini kiasi gani. Sasa Vitalis alikuwa akivipanga upande wa kitanda aliokuwa akilala Leticia, na asubuhi anavitoa. Anayepata anaweza kukaa na chake, lakini anayekosa anahitaji mtu wa kumwambia. Alikuwa mpweke, alijua kwamba ni mpweke, na dawa pekee aliyoiona ni kutoka tena kesho yake.

Saa mbili kasoro mashine ililia kwa sauti ya mtoto mchanga. Vitalis akapachika kijiti mahali pale na kuendelea. Alikuwa ameizoea sauti hiyo. Wakunga wa zamani wa mitaa ile, kitovu cha mtoto kilipokatika, walikizika uani pamoja na msumari wa inchi nne ili kishike na mtu asije akawa wa kutangatanga. Kifuniko cha soda hufanya mashine ikwaruze, sarafu huifanya ipige kengele, na msumari wa kitovu huifanya ilie mtoto. Yeye alihesabu misumari hiyo pamoja na vifuniko, katika mambo yasiyo na faida. Hakuwahi kuchimba hata mmoja. Kuchimba kitovu cha mtu aliona ni utovu wa adabu.

Kufikia saa nne alikuwa na vijiti saba. Mlinzi wa kiwanja, kijana aitwaye Mbaruku, alisogea na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leo umefungua kliniki?"

"Saba. Nyumba hii ilizaa."

Mbaruku akapuliza chai yake. Muuza vitumbua aliyekuwa akipita nje ya uzio wa mabati aliwaambia wampe huyo mtoto maji ya uvuguvugu, ni chango hilo, akaenda zake.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipopiga hodi. Alisimama kwenye vifusi, mahali pale pale palipokuwa na mlango, ingawa pande zote mbili za mlango huo palikuwa wazi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, amevaa baibui lililopauka mabegani, na mkononi alishika bahasha ya kaki. Hakuingia mpaka Vitalis alipoitikia karibu.

"Mimi naitwa Shamsa," alisema. "Nimezaliwa hapa. Nimeambiwa kuna mzee mwenye mashine inayolia watoto."

"Ndiyo mimi, Bi Shamsa. Naitwa Vitalis."

Akaeleza bila kuzunguka. Baba yao alipofariki, kaka yake mkubwa, Haruna, aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Haruna aliapa mahakamani kwamba watoto wa marehemu ni sita, na kwamba Shamsa alikuwa mtoto wa kulea, aliletwa akiwa na miaka mitatu. Mtoto wa kulea harithi. Nyumba ikauzwa bila saini yake. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, mama alishatangulia, na Bi Siwema, mkunga aliyemzalisha, naye alishatangulia. Karani alimwambia Alhamisi ndiyo mwisho, alete ushahidi au faili lifungwe.

"Elfu kumi, laki, mimi sitaki," alisema. "Nataka waandike kwamba nimezaliwa kwetu."

Vitalis akavua spika na kuchomoa waya wake ili sauti isikike nje. Akaishika mashine juu ya kijiti cha kwanza. Mtoto akalia. Bi Shamsa akaja kusimama karibu, mtoto akaendelea kulia. Kijiti cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita. Wapita njia walitupa macho juu ya mabati na kuendelea na mizigo yao. Kijiti cha saba kilikuwa karibu na palipokuwa na bafu. Mashine ililia kwa nguvu kuliko kote, na Bi Shamsa alipochuchumaa na kuweka kiganja ardhini ikanyamaza. Akainuka, akarudi nyuma hatua kumi, ikalia. Akasogea, ikanyamaza.

"Ndicho," alisema Vitalis.

Katika miaka yote ile hakuwahi kupata kitu kilichokuwa na mwenyewe. Furaha ilimpanda mpaka akakosa la kufanya na mikono yake, akaifuta kwenye suruali.

"Nichimbie, Mzee Vitalis."

"Bi Shamsa, sijui haya mambo vizuri. Lakini kitu kilichoshika, ukishakitoa, kimeachia."

Bi Shamsa akasema karani anataka kuona kitu mezani, na ua haubebeki.

Walipokuwa wakichimba, Haruna akafika. Alikuwa mzee mtanashati mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, amekuja kuangalia kama mabati yake ya zamani ya paa yameshachukuliwa. Alipopita karibu na kijiti cha pili, mashine aliyokuwa ameilaza Vitalis pale ikanyamaza kwa heshima. Haruna alikitazama kijiti, akajua ni chake, akawasalimia wote kwa utaratibu.

"Unatafuta nini, dada?"

"Kitovu changu."

"Kipo hapo hapo ulipo. Mama alituonyesha." Akainama kuondoa matofali mawili ili jembe lipite. "Mimi sijawahi kukataa kwamba umezaliwa hapa. Nilikataa mahakamani."

Machozi yalimtoka Bi Shamsa, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea kuchota udongo kwa mikono. Msumari ulikuwa futi moja na nusu chini. Ulikuwa umeshika kutu, na kitovu kilikuwa kimeuzunguka, kibichi, chenye rangi ya ngozi iliyotoka kuoga. Vitalis aliutia ndani ya kopo tupu la rangi pamoja na udongo kidogo. Tangu hapo haukuhitaji tena mashine. Bi Shamsa akiwa mbali ulilia wenyewe.

Alhamisi walikwenda mahakamani pamoja. Vitalis alivaa shati la kanisani. Karani, dada mmoja aitwaye Violeth, aliwauliza shahidi ni nani, wakaweka kopo mezani. Violeth alimtoa Bi Shamsa nje na kufunga mlango, kopo likalia. Akamrudisha, likanyamaza. Alirudia mara mbili, kwa sababu utaratibu unataka hivyo, na mara ya pili aliibembeleza ile sauti kidogo kwa kulitikisa kopo, maana yeye mwenyewe alikuwa ameacha mtoto wa miezi minne nyumbani. Kisha akaandika kurasa mbili na kuzipeleka ndani.

Hakimu alitoka na jibu kabla ya saa sita. Mahakama imeridhika pasipo shaka kwamba Shamsa binti Mwinchande alizaliwa katika nyumba hiyo na ni mtoto wa marehemu. Ila nyumba hiyo haipo tena, hati imeshahamia kwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, mirathi imeshagawanywa na msimamizi ameshaachiliwa. Hakuna kilichobaki cha kumrithisha. Faili limefungwa.

"Hongera, mama," alisema Violeth akimpa nakala yenye mhuri. Alisema kwa moyo safi.

Bi Shamsa aliikunja nakala na kuitia kwenye bahasha. Walipokaribia soko alimwambia Vitalis kwamba sasa angependa kukirudisha kitovu. Ameshaandikwa, inatosha, kirudi mahali pake.

Kwenye kiwanja walikuta magari ya zege yanaondoka. Zege lilikuwa limepangwa kumwagwa Jumamosi, Mbaruku alieleza, lakini mvua ilikatika na mhandisi akaona wasisubiri. Kiwanja kizima kilikuwa tambarare, cha kijivu, na mafundi walikuwa wakikisawazisha kwa mbao ndefu. Haruna alikuwa amesimama ukingoni, amealikwa na mnunuzi kuja kusoma dua.

Vitalis aliwasha mashine na kuinyoosha juu ya zege, hakujua kwa nini, labda kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua. Vilio vilisikika kwa mbali, kutoka chini sana. Vilikuwa vitano, kwa sababu Haruna alikuwepo.

"Fundi mmoja anipe shimo dogo tu," alisema Bi Shamsa. "La mkono."

Mafundi walimtazama mhandisi. Mhandisi akasema hapana, mama, msingi ukitobolewa unaingiza maji.

Haruna alisogea karibu na dada yake, akaangalia ndani ya kopo. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, ya kaka mkubwa.

"Ungekiacha, Shamsa," alisema. "Sisi wenzako wote tumebaki."

Bi Shamsa alilifunika kopo kwa kipande cha khanga. Buguruni, alikopanga chumba, ua wote ulikuwa wa saruji, na mwenye nyumba hakuruhusu mtu kupanda hata mchicha. Alimuuliza Vitalis kitovu chake yeye kiko wapi.

"Chikundi, Masasi. Kilizikwa chini ya mti, sijui upi. Hawakutia msumari."

Bi Shamsa akatikisa kichwa kumpa pole. Vitalis alitaka kumwambia aje siku moja Magomeni, hata kwa chai, na alikuwa ameshafungua mdomo, lakini hakujua mwanamke mwenye kopo kama lile mtu anamkaribishaje. Badala yake akamwambia aliweke mahali pasipopigwa na jua.

"Asante kwa kunitafutia," alisema Bi Shamsa.

Akamgeukia kaka yake, akalitazama zege lililokuwa likikauka, akasema, "Wasalimie wenzetu." Haruna akaitikia zitafika. Kisha Bi Shamsa akalikumbatia kopo na kutembea kuelekea kituoni, na kwa kuwa alikuwa amelishika, halikutoa sauti yoyote.