Pikapu ya Rapsu Iliyokataa Maji

Waliohudhuria: Mzee Ahmednur, mwenyekiti wa Kikundi cha Wakulima wa Rapsu, Mzee Arero, mjumbe na mfugaji wa ng'ombe, Bi Halimo, mjumbe na mkulima wa vitunguu, Bwana Kobia wa Meru, muuza magari, mgeni mwalikwa, na mimi, Nangiro, mwalimu wa shule ya msingi, katibu. Yalihudhuria pia magari matatu. Bi Maryan, mjumbe, alituma udhuru kutoka Merti. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Machi mwaka 1981, katika uwanja wa mnada wa mifugo mjini Isiolo, kando ya birika la kunyweshea.

Jambo lililokuwa mezani, ingawa meza hatukuwa nayo, lilikuwa kuchagua gari moja la kufanyia kazi shambani: kubeba pampu, mbolea na mavuno kati ya Rapsu na mjini. Hicho kilikuwa kikao cha tano. Katika vikao vinne vilivyotangulia tuliahirisha, na kila tulipoahirisha, Bi Halimo alizidi kukonda. Vitunguu vyake, magunia kumi na mawili, vilikuwa vimeng'olewa na kulazwa chini kwenye udongo wa Rapsu, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hapo tulipokuwa. Mwaka uliotangulia mvua ilimkuta katika hali hiyo hiyo, kikundi kikiwa bado kinajadili, naye akavizoa vitunguu kwa koleo, vimeoza. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Nyambene, mazito na ya kijivu, na Bi Halimo aliketi akiyatazama hayo badala ya kututazama sisi.

Ni haki nieleze kwa nini tulikutana birikani. Katiba ya kikundi niliiandika mimi. Kwa kuwa sikuwa na katiba ya wakulima ya kufuata, nilinakili ile ya chama cha zamani cha wanunuzi wa mifugo, na kila mahali palipoandikwa "mnyama" nikaongeza "au chombo". Kifungu cha tisa kikawa kinasema kwamba mnyama au chombo hakitanunuliwa kabla ya wajumbe wote waliohudhuria kukiona kikitembea na kikinywa, na wote kuridhika. Wajumbe walipiga kura, kifungu kikapita. Kikishapita, kimepita.

"Tuanze na mwekundu," alisema mwenyekiti.

Mwekundu alikuwa trekta. Bwana Kobia alilizungusha uwanjani mara mbili, mbuzi wakatawanyika. Mzee Arero alichuchumaa, akalitazama kwa ubavu kwa muda mrefu, fimbo yake ikiwa imelala magotini.

"Miguu ya mbele ni mifupi sana," alisema.

"Trekta zote ziko hivyo, mzee," Bwana Kobia alimjibu.

"Basi wote ni wagonjwa. Sisi hii tunachinja ikiwa bado ndogo."

"Mzee, hii ina nguvu ya ng'ombe arobaini."

"Mimi niko na ng'ombe arobaini. Hakuna hata moja inainama hivyo kama imepoteza kitu chini."

Nilimgeukia mwenyekiti ili atoe mwongozo. Mzee Ahmednur, ambaye baba yake alikuwa askari wa zamani, aliendesha malori kwa miaka ishirini kati ya Isiolo na Mandera, na hakuna mtu mjini aliyejua magari kuliko yeye. Lakini alikuwa ameshikilia msimamo tangu kikao cha kwanza.

"Nikiwa dereva ningesema," alisema. "Nikiwa mwenyekiti sina maoni. Trekta imeanguka. Lete maji."

Yalibaki magari mawili: la kijani lenye turubai, ambalo liliwahi kutumiwa na wapima ardhi, na pikapu nyeupe. Yote mawili yalikuwa yameteremka kutoka Meru asubuhi hiyo. Boneti zilifunguliwa, nami nikajaza debe birikani, kalamu sikioni.

La kijani lilikunywa lita kumi na moja. Lilikunywa likichemka na kutoa mvuke, na maji mengine yakadondoka chini ya tumbo lake yakaanza kutengeneza kijito kuelekea kwa mbuzi. Nilipoifikia pikapu nyeupe na kuimiminia, ilipokea kikombe kimoja, kisha maji yakafurika juu ya redieta. Nilijaribu tena. Ilikataa.

Bwana Kobia alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuuza. "Mmejionea wenyewe."

"Tumeona," alisema Mzee Arero. "Kijani ni mzima. Anakunywa vizuri, hata anakojoa. Huyu mweupe ni mgonjwa."

Tabasamu la Bwana Kobia lilisimama. "Mgonjwa vipi, mzee?"

"Umetoka Meru na jua hii, mpaka hapa. Ng'ombe akitoka mbali hivyo, aletwe kwa maji, akatae, huyo hafiki jioni. Unauza maiti, Kobia. Hata kama umeipaka rangi nzuri."

"Mzee Arero," alisema Bi Halimo, akageuka kutoka kwa mawingu kwa mara ya kwanza. "Hiyo kijani inavuja. Tukienda nayo Rapsu, maji ya kuinywesha itajaa gari yenyewe. Vitunguu nitaweka wapi?"

"Maji iko mtoni."

"Mto uko Rapsu. Mimi naongea juu ya njia."

"Mama, mnyama akiwa na kiu ni afya. Hata mtoto anajua."

Bi Halimo alifunga leso yake upya, taratibu. Alizaliwa Sericho, katika ukoo wa wafugaji wa ngamia, na kwa uso wake ilionekana kwamba Sericho ilikuwa imetukanwa.

"Hiyo ni afya ya ng'ombe," alisema. "Kwetu ngamia akitembea siku nzima halafu aangalie maji aseme sitaki, huyo ndiye tunampa binti akiolewa. Nani amekuambia pikapu ni ng'ombe?"

Wachuuzi wa mbuzi waliokuwa wakipatana karibu nasi waliacha, wakasogea. Lazima nikiri kwamba swali lile lilinigusa. Katiba ilisema "mnyama au chombo", lakini haikusema mnyama gani, na kosa hilo lilikuwa langu. Dalili iliyokuwa ugonjwa kwa ng'ombe ilikuwa sifa kwa ngamia. Bila kujua gari ni la kundi gani, hatukuwa na kipimo, na bila kipimo hatukuwa na uchaguzi.

"Mwenyekiti," nilisema, "naomba kikao kiamue kwanza pikapu ni mnyama wa aina gani."

"Mwalimu, hata wewe?" alisema Bwana Kobia. "Umesoma chuo."

"Ndiyo maana nafuata utaratibu."

"Hii ni gari. Imetengenezwa Japani."

"Mama yake umemwona?" aliuliza Mzee Arero.

"Mama ya nani?"

"Unaona. Anauza kitu hajui hata ilitoka kwa nani."

Mwenyekiti alivua kobazi mguuni, akagonga nalo ukingo wa birika. "Hoja ya katibu imekubaliwa. Mzee Arero, sema kwa nini ni ng'ombe."

Mzee Arero alisimama. Alisema kwamba pikapu ina pembe, kwa kuwa ilimpigia honi alipokuwa akivuka barabara. Alisema kwamba inapita barabarani bila kuangalia mtu, na inapenda kusimama katikati. Mwisho alisema kwamba ikisimama hutafuna, na kweli injini ilikuwa ingali ikinguruma polepole, bati likitetemeka mashavuni. Hoja ya kucheua ilibidi niiondoe, kwa kuwa ngamia pia hucheua. Alikubali bila ugomvi. Zilizobaki nilizipa alama mbili.

"Bi Halimo, sema kwa nini ni ngamia."

Hakusimama kusema. Alikwenda nyuma ya pikapu, akafungua mlango wa mizigo, akapanda.

"Kobia, njoo. Mwalimu, wewe pia. Na nyinyi wa mbuzi, mnaangalia nini, pandeni."

Tulipanda watu kumi na wanne. Baadhi walipanda na mbuzi wao, kwa kuwa hawakuaminiana. Springi zililia, na sehemu ya nyuma ya pikapu ikashuka taratibu hadi ikakaribia vumbi.

"Mzee Arero," Bi Halimo aliita kutoka juu, akiwa amebanwa kati yangu na beberu mmoja. "Ng'ombe wako akiwekewa mzigo anafanya nini?"

"Hatuwekei ng'ombe mzigo."

"Na ngamia?"

Mzee Arero alizunguka pikapu. Aliinama, akaweka kiganja chini ya bampa, akapima nafasi iliyobaki. Alitazama pia gurudumu la akiba lililofungwa juu ya paa la kibanda cha dereva, akalitazama sana, akaligusa kwa fimbo.

"Anapiga magoti," alisema hatimaye. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Na iko na nundu."

"Basi?"

"Basi ni ngamia. Mimi si mtu wa kubishana na kitu naona na macho." Alimgeukia Bwana Kobia. "Ungesema tangu asubuhi."

Bwana Kobia alianza kuwateremsha mbuzi.

Hapo ngurumo ya kwanza ilisikika kutoka Nyambene. Bi Halimo alikwisha kuruka chini na kushika mlango wa dereva. "Twende sasa hivi. Tukitoka saa nne, saa saba tuko Rapsu."

"Ngoja," alisema Mzee Arero. "Ngamia mpya safari ya kwanza haendi peke yake. Lazima mtu awe mbele yake na kamba, amwongoze. Hiyo ni desturi yenu, si yangu. Wewe ndiye umesema ni ngamia."

Nilimwona Bi Halimo akifumba macho. Kwa miguu, Rapsu ilikuwa siku tatu. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni, na aliyekuwa akimkumbusha alikuwa mtu wa ng'ombe. Kwa kifungu cha tisa, mjumbe mmoja asiyeridhika alitosha kutuahirisha hadi kikao cha sita. Nilifungua ukurasa mpya. Mkono wangu haukutaka kuandika.

"Mzee," alisema Bi Halimo, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Desturi inasema huyo mtu awe wapi?"

"Mbele."

"Awe mbele na miguu chini, ama awe mbele tu?"

Mzee Arero alifikiri. Wachuuzi wa mbuzi nao walifikiri. Bwana Kobia aliketi chini kabisa, juu ya ukingo wa birika, akashika kichwa.

"Mbele tu," alisema Mzee Arero. "Ya miguu sijawahi kusikia."

"Na huyo mtu anafaa awe nani?"

"Mtu mzima. Mwenye heshima yake." Alinyoosha shuka begani. "Mwenye kujua wanyama."

Mwenyekiti alinong'onezana nami, nikamwandikia maneno. Kisha Mzee Ahmednur alipanda juu ya ukingo wa birika, akasimama wima kama alivyofundishwa na baba yake, akawatangazia wajumbe, wachuuzi na wote waliokuwa mnadani:

"Kikao cha tano kimeamua. Pikapu nyeupe ni ngamia, na ni yetu kuanzia sasa. Inaondoka saa hii kwenda kuchukua vitunguu vya Bi Halimo, na mimi ndiye nitaendesha, kwa sababu kikao kimefungwa na nimerudi kuwa dereva. Mzee Arero atakuwa mbele na kamba, ameketi juu ya boneti, na mwendo ni ule atakaoweza kuvumilia."