Maziwa Si ya Meitamei

Huyo Obonyo alikunywa chai yangu vikombe vitatu na hakunisalimia. Weka hiyo kichwani kwanza, halafu nikuambie mengine.

Ilikuwa mwaka wa 2005, kila wiki nyumba mpya inachomoza Kitengela. Obonyo alikuwa amepanga huko, kijana msomi, amepata mtaji na tangi la kupoza maziwa. Akaketi kwetu na mume wangu, Meitamei, akamwambia, "Mzee, huu mji wote unataka maziwa. Hapa kuna biashara imelala tu, inangoja mtu wa kuiamsha."

Imelala! Mimi nimeuza maziwa Kitengela miaka tisa, naamka saa kumi alfajiri, na kwa hayo maziwa Ruth wangu amefika kidato cha tatu. Nani alikuwa amelala?

Nilisimama hapo na birika, hakuna aliyeniuliza kitu. Meitamei akapewa simu ya mkono, akatia sahihi karatasi ya Obonyo: lita kumi kila asubuhi, na zisipopatikana, ng'ombe mmoja wa maziwa atachukuliwa.

Sasa, Kajiado nzima inajua, hata anayechunga mbuzi anajua: ng'ombe ni wa mwanaume, maziwa ni ya mwanamke. Mwanaume hachungulii kibuyu, anangoja apewe. Obonyo hakujua kwa sababu hakuuliza. Lakini Meitamei alijua! Alijua na akatia sahihi, kwa ajili ya simu isiyoshika mtandao mpaka apande kichuguu. Roho iliniuma, sitadanganya.

Asubuhi pikapu ikaja. Nilikuwa nimeshakamua ya watoto na ya wateja wangu.

"Mama, maziwa iko wapi?" Obonyo akaniuliza. Ndiyo mara ya kwanza ananiona.

"Uliza aliyekuuzia."

Meitamei akaninong'oneza, "Mama Ruth, usiniaibishe mbele ya mgeni."

"Ng'ombe wale pale. Kamua."

Mwanaume wa rika lake achuchumae chini ya ng'ombe? Afadhali afe. Akatoa simu yake mfukoni, akairudisha.

Wiki mbili pikapu ilikuja na ikarudi tupu. Siku ya kumi na tano Obonyo akashuka na kamba na ile karatasi. Kuna mtu alikuwa amemfundisha adabu, maana alinitazama akanisalimu kwa Kimaasai, anavyosalimiwa mwanamke, "Takwenya."

"Iko," nikaitikia inavyopasa, kwa sababu salamu hainyimwi mtu.

Halafu akamfunga kamba Naado, ng'ombe wangu mwekundu, mjukuu wa yule niliyekabidhiwa nimkamue siku ya arusi yangu. Nilipiga kelele. Nilimwambia Meitamei maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Yeye akakazia macho vilima, kama si mkewe anayelia.

"Na ndama?" nikamuuliza Obonyo. Ndama wa Naado alikuwa na wiki sita tu.

Akasoma karatasi. "Hapa imeandikwa ng'ombe mmoja."

"Basi nenda na mmoja."

Hapo shetani alinipanda, nikafurahi. Ng'ombe wetu wa kienyeji hateremshi maziwa kama ndama wake hajamgusa kwanza. Obonyo na elimu yake yote hakujua. Meitamei alijua, akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Asiyejua maana haambiwi maana, nikasema moyoni, na usiku huo nililala vizuri.

Siku ya tano akamrudisha. Nilikuwa nimempangia matusi ya kutosha, lakini nilipomwona Naado yote yalinitoka. Alitembea ametanua miguu, kiwele kimevimba, ukigusa ni moto. Suruali ya Obonyo ilikuwa imechanika pajani.

"Mama, mchukue. Karatasi nimeichana. Tumemkamua kwa nguvu, watu watatu, akakataa kabisa."

Nikamfungulia ndama. Akakimbia, akashika chuchu, na Naado akampiga teke mtoto wake mwenyewe. Nikachuchumaa, nikamwimbia ule wimbo wake wa kila asubuhi, nikavuta polepole. Ikatoka damu na usaha.

"Pole sana, mama," Obonyo akasema. "Haki ya Mungu, sikujua."

"Mimi nilijua," nikamwambia, na hapo ndipo nililia.