Vishikwambi Visivyovunjika

Rufus wa shirika la misaada aliisoma fomu kwa sauti, kana kwamba mwalimu Angella hajui kusoma. Shule hii ya mtaa wa Hai Malakal ilipewa vishikwambi arobaini vya kusomea vitabu. Vilivyovunjika, kumi na vinne. Ile ya Nyakuron ilipewa arobaini vilevile. Vilivyovunjika, hakuna.

"Kwa hivyo hivi ishirini na sita vinaenda Nyakuron leo," alisema. "Bei ya kimoja inanunua madawati manne, madam. Shirika haliwezi kumwaga pesa. Vilivyovunjika bakini navyo, hatubebi takataka."

Angella alilikumbatia sanduku la vile ishirini na sita. Mtihani wa darasa la nane, zilikuwa zimebaki wiki tatu. Tangu bendera mpya ya uhuru ipandishwe waliahidiwa vitabu, na kabla vitabu havijafika ikafika vita. Maktaba yote ya darasa lake ilikuwa ndani ya vile vishikwambi, na watoto sitini na watatu walivigombania. Vingine vilianguka. Kimoja kilikaliwa. Kingine kilinyeshewa mwanafunzi wake Achol akikimbia nacho kutoka kambi ya wakimbizi, na huyo Achol, aliyekimbia vita mji wa Malakal na gauni moja mwilini, alikuwa amemaliza kila kitu kilichomo, mpaka kitabu cha kufuga nyuki. Kila jioni Angella alivibeba dukani kwa Khadijo kuvichaji kwenye jenereta, kwa pesa yake mwenyewe. Kitu kinachotumika huchakaa, jamani! Sufuria yake nyumbani ilikuwa na viraka viwili na hakuna aliyekuja kumnyang'anya.

"Wewe uko unauliza ngapi ilivunjika," alisema. "Mbona hauulizi ngapi ilisomwa?"

"Hiyo haiko kwa fomu."

"Basi mimi pia naenda. Nataka kuona hao watoto hawaangushi kitu."

Akapanda gari na sanduku mapajani.

Nyakuron, mwalimu mkuu Gaetano aliwapokea kwa bashasha, akafungua kabati lenye kufuli mbili. Vishikwambi vilikuwa vimepangwa vizuri, bado vimo ndani ya nailoni.

"Ustaza, hapa mafi, hakuna kuvunjika," alisema kwa fahari. "Watoto hawagusi. Wageni wakikuja, tunatoa kimoja."

Angella akachana nailoni, akabonyeza. Kimya. Akakichomeka kwenye umeme wa jenereta, wakanywa chai mpaka ikaisha. Kimya. Cha pili, cha tatu, cha tano, vyote betri zilikufa kwa kukaa miaka miwili bila kuchajiwa. Kilichowaka ni kile cha wageni tu.

Rufus alikuna kichwa. Lakini fomu iliuliza kuvunjika, na vioo vilikuwa vizima. Akaliacha neno "hakuna" lilivyokuwa, akanyoosha mkono kuchukua sanduku la Angella.

Angella akalivuta nyuma. Akatoa kishikwambi kimoja, akakiinua juu ya sakafu ya saruji.

"Andika yangu yote ilivunjika. Yote arobaini. Ama nitavunja mbele yako, moja moja."

"Madam, nikiandika hivyo shule yako haitapata kitu tena."

"Kalas, basi! Andika. Takataka si hamubebi?"

Rufus alimtazama, akalitazama kabati, akaandika arobaini. Chini yake palikuwa na mahali pa sababu, na sababu zenyewe zilikwisha kuchapishwa, achague moja: wizi, vita, uzembe wa mwalimu. Kalamu ikasita. Miaka kumi na moja Angella alikuwa amefundisha, Gulu na hapa, na hakuna aliyewahi kumwita mzembe. Akamnyang'anya kalamu, akaweka alama kwenye ile ya mwisho, akatia saini kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Kisha akaondoka na sanduku lake kwa boda.

Jumatatu Achol alipewa kishikwambi kizima kabisa. Akauliza mbona hakikupelekwa Nyakuron.

"Hiyo imevunjika," Angella akasema. "Soma."