Pembe ya Mbele Kushoto

Hakuna mgonjwa wa Kibabi aliyefika hospitali ya Kirotshe bila bega langu chini ya tipoyi. Zamu yangu sijawahi kuiruka, hata siku ya mvua, hata siku ya mechi. Uliza yeyote.

Tipoyi ni machela ya mianzi. Kila nyumba inatoa bega moja, na mnapokezana kwenye kila kilima. Gari huku hakuna. Barabara tuliahidiwa, likaja tope.

Jumanne, saa mbili asubuhi, wakubwa wa mji walituletea basi. La buluu, viti arobaini, bure. Bwana mmoja mwenye koti alitangaza kwamba sasa hatuhitaji gari, wala pikipiki, wala mabega. Tulipiga makofi. Mianzi ya tipoyi tukajengea banda la nguruwe.

Basi halikuwa na injini. Lilibebwa na wafu, wale waliokufa na sugu ya tipoyi begani, wawili kila pembe. Walikuwa saba, kwa hiyo liliinama kidogo mbele kushoto.

"Papa Magloire, habari ya siku mingi," alisema Mama Nyiransengimana, muuza mandazi, akimsalimu mmoja wa wafu wale. "Na huku kushoto, nani anakosa?"

Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu.

Bwana wa koti aliandika katika daftari lake, akasoma kwa sauti: hawali, hawachoki, hawagomi, barabara inaweza kungoja. Hapo njo tulishtuka. Hata mandazi yalikwama mdomoni.

Lakini tulipanda. Viazi vilifika sokoni bila kupondeka. Watu wa Walikale waliposikia, wakaomba basi lao. Walijibiwa kwanza wapeleke idadi ya wafu wao.

Wiki ya tatu Libérata alishikwa na uchungu, mtoto ametanguliza matako. Tulimpandisha. Nami nikapanda, kiti cha dirishani, kumpa moyo.

Kwenye kilima cha pili basi lililala upande wa kushoto, likasimama. Libérata akauma kitenge chake. Baba yake, Papa Ndayambaje, aliyekufa mwaka jana kwenye kilima hichohicho, alichungulia dirishani kwangu. Alikuwa peke yake kwenye pembe ile.

"Prince. Siku ile ulisema goti inauma."

"Iliuma, Papa."

"Ulikuwa nyuma ya duka, unaangalia mechi. Nilibeba zamu yako na yangu, nikaanguka hapa. Hii nafasi iko yako."

Basi zima lilinigeukia, macho makavu.

"Shuka basi," alisema Mama Nyiransengimana. "Mutoto wa muntu atafia humu."

Nilishuka, nikaingiza bega kwenye pembe ile. Basi likanyooka.

Saa nane, Kirotshe, Libérata alijifungua msichana, wote wazima. Bwana wa koti alinikuta uani nimejiegemeza ukutani. Akafungua daftari, akaandika kwamba sasa hata walio hai wamekubali, kwa hiyo barabara inaweza kungoja zaidi.

"Na mimi si mgeni wa kazi hii," nikamwambia. "Nabeba tangu zamani. Hakuna mgonjwa wa Kibabi..."

Papa Ndayambaje alikuwa amekaa kivulini, anapumzika. Akainuka taratibu, akashusha kola ya shati langu.

"Gusa, Bwana," alisema. "Hii bega iko laini sawa ya kwako."