Kitambaa Kwenye Kidomo cha Chenji

…na sarafu ikarudi tena, kling, kwenye kile kidomo cha chini cha mashine ya maji, kama mtoto anayetema uji, akaiokota, akaifuta kwenye gauni, akaitumbukiza tena juu na kuisikiliza ikibingirika ndani, trrr, kimya kidogo, halafu kling, imerudi, na taa nyekundu imewaka na maneno yanapita kwenye kioo kidogo, yanapita mbio, hata angekuwa anajua kusoma asingeyadaka, na nyuma yake mwanamume mwenye plasta jicho moja anakohoa kile kikohozi cha watu wa foleni, "Bibi, inasema haina chenji, inataka hela kamili," "Haina chenji?" "Haina, tia ndogo ndogo," na yeye anaitikia ahaa, kama mtu asiyejua, wakati anajua, tena kuliko huyu wa plasta, miaka thelathini na moja anajua kilichomo ndani ya tumbo la mashine hizi, na laiti asingejua… "Ngoja kidogo baba, ndogo ninazo humu," na kuanza kufungua fundo la leso, fundo gumu, alilifunga mwenyewe asubuhi kwa meno, na vidole siku hizi havimsikilizi, na nyuma huko kwenye benchi Chiriku anapiga domo na watu asiowajua, anawaeleza jicho lake la kushoto linavyoona moshi na la kulia linavyoona moshi mzito, "yaani wakinipasua nikaona, mtu wa kwanza kumtazama ni huyu shoga yangu pale, nione amezeeka kiasi gani, maana sauti yake naijua, sura ananificha," na benchi zima linacheka, na Bi Taratibu naye anacheka kuelekea kwenye kioo cha mashine, kicheko cha mdomoni tu, shingo imeshapata moto, Mungu wangu, mtu wa kwanza kumtazama.

Taratibu ni jina la kazini, Chiriku ndiye aliyempa, siku walipoanza kusafisha pamoja lile jumba la kungojea mabasi, "wewe unapiga deki kama unabembeleza sakafu ilale," na yeye akamwita Chiriku kwa ule mdomo usiotulia, na majina yakaganda hadi leo wote wawili wana wajukuu, na kule jumbani kulikuwa na mashine kama hii, ya kwanza watu wengi kuiona, na fundi wake alikuja kila Jumamosi akaifungua mlango kama kabati, na siku moja akamwonyesha, tazama mama, sarafu inaingilia hapa, inabingirika kwenye huu mfereji, inapita kwenye sumaku, ya uongo inajulikana kwa mwendo wake, inapimwa upana, ikikataliwa inatemwa, ikikubaliwa inaangukia mrija wake, kila saizi na mrija wake, zinapandana kama sahani, na mtu akidai chenji inachomolewa ya chini kabisa, inateleza mpaka kwenye hiki kidomo, kwa hiyo chenji unayopewa wewe ni hela ya aliyekutangulia, siyo yako, na yeye akauliza, kwa ujinga tu, je isipofika? fundi akacheka, "Mashine inajua imetoa. Kama imefika mkononi mwa mtu, haijui, hilo siyo kazi yake." Hilo siyo kazi yake… fundo limelegea kidogo, afadhali… na ni fundi huyohuyo aliyemwambia maji yakiingia kwenye kidomo yanaozesha vyuma, basi kila akiosha uso wa mashine kwa sabuni anakiziba kwa kitambaa, anakisokomeza ndani vizuri, akimaliza anakitoa, ndivyo walivyofanya wote wawili, ila kila mtu na kitambaa chake.

"Shoga, umekwama? Mwambie hiyo mashine mimi ndiye ninayeomba maji, maana mimi na mashine hizi tunajuana tangu zamani," Chiriku huyo, na watu wanacheka bila kujua wanachokichekea, na huo ndio utani wake, miaka yote hii, sokoni mtu akikosea chenji Chiriku anasema msinitazame mimi, msibani wakipitisha bakuli la rambirambi anasema lipitisheni mbali na mimi nina historia, na kila anaposema anageuza uso kumwelekea Bi Taratibu, anangoja kidogo, kisha anaendelea na domo lake, na Bi Taratibu kila mara hucheka kile kicheko cha mdomoni… na ile Jumatatu alikuwa ameshasokomeza kitambaa, ndoo iko mguuni, ndipo jirani alipokuja anakimbia, mwanao wa mwisho ana degedege, akatupa brashi pale pale, hakuaga, hakufuta, hakutoa kitu, siku nne yuko na mtoto hospitalini, na siku nne abiria wanatia hela, wanapata soda, chenji hawaioni, wanapiga mashine mateke, wanamfuata msimamizi, msimamizi anafungua anakuta mashine imetoa chenji yote sawasawa, kama ilivyo kazi yake, basi kama mashine imetoa na watu hawajapata, kuna mkono hapa katikati, akajificha nyuma ya mlango wa stoo Ijumaa asubuhi akamwona Chiriku anapangusa mashine, anaona uzi unaning'inia kwenye kidomo, anauvuta, na zile sarafu za siku nne zikamwagika kama choroko, naye akatandaza aproni azikinge zisitawanyike sakafuni, na hivyo ndivyo alivyokutwa, aproni imejaa.

Na Bi Taratibu alikuwa anaingia mlangoni wakati huohuo. Hilo ndilo, hilo ndilo linalomchoma, kwamba hakuwa mbali, hakusimuliwa, alikuwa hatua kumi na mbili, akasikia Chiriku anasema "nimekivuta tu, kilikuwa kinaning'inia," akamsikia msimamizi anasema "na aproni nayo ilijitandaza yenyewe?" na watu wakacheka, akakiona kitambaa, kipande cha shati la bluu la huyo mtoto wake wa degedege, kifungo kimoja bado kipo, na mdomo wake ukafunguka, anakumbuka ulifunguka, pumzi ikatoka, neno halikutoka, akahesabu watoto wanne, akahesabu kodi ya chumba, mume ameshaondoka na mwanamke wa mtaa wa pili, akafunga mdomo, akaenda stoo akachukua ndoo, akaanza kupiga deki, jamani, akapiga deki pale pale Chiriku alipokuwa amesimama analia… "Bibi, nikusaidie kufungua?" "Hapana baba, linafunguka," kwa nini asiache afunguliwe, kwa sababu fundo likifunguka atatia sarafu, atatoa chupa, atalazimika kugeuka, na akigeuka itabidi aketi kati yao, na kuketi pale leo hawezi, na muuguzi anaita "Namba kumi na tano," Chiriku ni kumi na saba, wawili tu.

Alikuwa amepanga kusema leo, hilo ndilo lililomfanya aamke alfajiri na kuoga mara mbili kama bi harusi, kwamba kabla hawajampasua atamnong'oneza, shoga, kile kitambaa kilikuwa changu, na Chiriku atalia au atamtukana, lakini atasikia akiwa bado haoni vizuri, asiione sura yake ikisema, huo ndio ujanja wake wote, kungoja mtu awe kipofu ndipo amwombe radhi… mwanamke mzima… na sasa kwenye kioo cha mashine, juu ya safu ya chupa za maji, analiona benchi lote nyuma yake, dogo dogo, Chiriku katikati anazungusha mikono, na pembeni binti yake, yule aliyekuwa na miaka minane wakati ule, sasa karani mkubwa na mkoba wa ngozi, binti aliyerudi kutoka shuleni siku moja akamwuliza mama yake, eti mwizi ni nani, na Chiriku anapapasa kiti apate leso yake ajipanguse macho, mkono unatafuta tu, unapapasa kulia, na binti, bila kumtazama mama yake, bila hata kuacha kusoma simu, anauinua mkoba kutoka upande ule anauhamishia upande wa pili, anaubana kwapani.

Hakuna mwingine aliyeona. Chiriku hawezi kuona, na wengine hawajui… ni kitendo cha mazoea, kama mtu anayefukuza nzi, na Bi Taratibu ameelewa, maana Chiriku alishamwambia, akicheka, "kwa binti yangu chumba chake kinafungwa kwa ufunguo hata akienda kuoga, labda ndiyo mambo ya kisasa," na huko ndiko anakohamia akitoka hapa, kwenye nyumba yenye milango ya ufunguo, mpaka afe… na mkono ule unaendelea kupapasa, umeipata leso, unachezea pindo lake kwa kidole gumba, ndivyo Chiriku alivyo, kila nguo lazima aichezee, aangalie mshono, yeye ndiye alikuwa mshonaji wao wa kuazima sindano, vifungo vya watoto wote wa kazini ni yeye… vifungo… na kile kifungo cha shati la bluu kilikatika siku ya kuanza shule, na uzi mweupe ulikuwa umekwisha, na Chiriku akasema nakishonea mwekundu, mwanao atakuwa na alama, hatapotea, na akashona kwa uzi mwekundu, na uzi ule ulioning'inia kwenye kidomo, ule alioukuta akauvuta… ulikuwa mwekundu.

Eeh.

Alikuwa ameukumbuka uzi, rangi yake hakuwahi kuikumbuka, au aliikumbuka akaifukia, na sasa anamwona Chiriku amesimama na aproni imejaa na kitambaa mkononi, anakitazama, anakigeuza, anakipitishia kidole gumba kwenye kifungo, kisha anainua macho kwenda mlangoni, moja kwa moja kwake, yale macho yalikuwa yanaona wakati ule, yanaona hata sisimizi, na anamtazama kitambo, na anasema "nimekivuta tu, kilikuwa kinaning'inia," na hakusema ni cha nani, hakusema, angeweza kusema na akabaki na kazi yake… anajua. Anajua tangu siku ile. Ameibeba aibu hii miaka thelathini na moja, amefua nguo za watu kwa mikono, ameitwa jina baya, amemlelea na huyo mtoto wa degedege wakati mama yake yuko kazini kwenye jumba lilelile, na kila utani ulikuwa ni mlango anamfungulia, shoga ingia, sema, na yeye anacheka anapita… basi huo mnong'ono aliouandaa ni wa nini, amwambie mtu anachokijua? Nani hajui? Ni mmoja tu hajui, yule mwenye mkoba, na huyo hanong'onezwi, akimvuta pembeni itakuwa ni siri nyingine tena, siri juu ya siri, wakati jina lile baya halikutolewa pembeni, lilitolewa mbele ya abiria na watu wakacheka… ardhi ingepasuka sasa angeshukuru, "Namba kumi na sita," amebaki mmoja, fundo limefunguka lenyewe mkononi, sarafu ndogo hizi hapa, wala haziingizi, anamtazama yule binti kwenye kioo na kusema, kwanza polepole, kuujaribu mdomo, "kilikuwa changu."

"Unasema na nani, bibi?" mwenye plasta anauliza.

"Nasema na yule binti pale," na sauti imetoka, kubwa kuliko alivyoitegemea, sauti ya mtu anayeita watoto waje kula, mpaka Chiriku amekatiza hadithi yake, "mwanangu, mama yako hakuiba, kile kitambaa kilikuwa changu, mimi nilikisahau kwenye mashine, mimi nilimwona anafukuzwa nikanyamaza," na binti ameinua kichwa, bado mkoba uko kwapani, na benchi zima, mpaka muuguzi mlangoni, limegeuka kumtazama, na yeye akaliacha litazame.