Kona ya Mwethya

Wiki hiyo mke wangu Kalondu alitoa amri moja tu. Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja kuomba kwetu, na ng'ombe yeyote wa udongo atakayepatikana kwenye sofa atatupwa nje. Ilikuwa Novemba, mvua kila siku. Udongo ambao haujachomwa ukinyeshewa unarudi kuwa matope.

Ng'ombe ni wa Kanini, binti yetu wa miaka nane. Amewafinyanga mwenyewe, kumi na wawili, na chumba chake hakina mahali pa kuwaweka. Nilimwahidi shelfu ya kona tangu Aprili. Kila akiuliza, namwambia mti bado unakua. Safari hii hakucheka.

"Baba, sema tu kama hutatengeneza. Nitawapeleka kwa Ben."

Ben ni binamu yake wa Matinyani, na yeye hupiga ndege kwa kitu chochote kinachotoshea mkononi.

Alhamisi nikatoa mbao zangu za mukau, ule mti wetu wa mbao ngumu. Mimi ni ofisa wa kilimo, na diploma yangu ni ya hiyo hiyo, lakini pembetatu ni pembetatu. Nikakata tatu, kona skwea kabisa, digrii tisini, nikapiga randa, nikapaka vanishi upande wa juu. Nikaingiza ya kwanza kwenye kona ya chumba. Upande wa dirisha ikakaa vizuri. Upande wa pili ukuta ulikuwa na tumbo, ikaacha nafasi ya kupitisha kiatu.

Nilijua shida iko wapi. Nyumba hii tulijengewa na mwethya, kile kikundi cha majirani cha kusaidiana kazi. Mzee Kyule na watu wake walichukua ukuta wa dirisha, Wayua na kundi lake wakachukua ule wa jikoni, wakashindana nani atamaliza kwanza aanze supu. Waliimba vizuri sana. Kupima hakuna aliyepima. Zile kuta mbili zilikutana kama mashemeji, kila mmoja anatabasamu na kuangalia kwake. Na huwezi kulalamika, kwa sababu mwaka ujao unataka hao hao wakujengee ghala.

Kosa langu ni kwenda kwa Mzee Kyule kuomba msumeno mzuri. Akaleta msumeno, akaona lile pengo, akaenda kumwita Wayua aje ajionee ukuta wake.

"Ofisa, ukuta wangu hauna makosa," Wayua akaniambia. "Huyu mzee alikuwa anakimbilia supu."

"Supu gani, na ni nyinyi mlishinda?"

"Si ndio nasema. Ulikimbia na bado ukashindwa."

Kyule akapendekeza tubomoe plasta upande wa Wayua. Wayua akapendekeza tuhamishe dirisha. Mimi nilitaka msumeno tu. Wakanywa chai yote, wakaondoka wakibishana, na msumeno Kyule akaenda nao kwapani.

Ijumaa nikatumia wangu butu. Nikachukua katoni ya sabuni, nikaikata kidogo kidogo mpaka ikaingia kwenye kona na kufuata lile tumbo la ukuta wa Wayua. Nikailaza juu ya mbao, nikachora, nikakata zote tatu. Kumbe niliilaza ikiwa imepinduka, na mkato wa tumbo ukakaa upande wa Kyule. Nikakaa chini karibu kulia. Kalondu akapita na ndoo, akasema si nigeuze mbao tu. Nikageuza. Zikaingia. Zilikuwa zimepungua ukubwa, na vanishi yangu yote inaangalia sakafu, lakini ziliingia.

Jumamosi asubuhi nikafunga skrubu ya mwisho wageni wakiwa mlangoni. Kanini alikuja na ng'ombe wake kwenye beseni. Akasukuma shelfu kwa kidole. Akaweka kwanza yule asiyempenda sana, aliyevunjika pembe, akangoja.

"Baba, weka mikono hapo chini."

Nikaweka. Akaendelea kupanga mmoja mmoja, bila haraka, huku sebuleni wimbo umeanza. Wayua, aliyekuja na akina mama wenzake, akachungulia. Akaangalia ukuta wake, akaniangalia nimekunja magoti, viganja juu.

"Ofisa, hayo ni maombi gani?"

"Nashikilia ukuta wako."

Alicheka mpaka akashika mlango. Mimi pia nikaanza kutikisika, lakini Kanini hakugeuka.

"Usicheke, Baba. Bado wawili."